Maabara, Kitalu na Msitu: Historia ya Elimu ya Mazingira kwa Wanafunzi wa Chuo Kikuu jijini Nairobi, 1970–2010

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya elimu ya mazingira kwa wanafunzi wa chuo kikuu jijini Nairobi kati ya mwaka 1970 na 2010. Mara nyingi hudhaniwa kwamba elimu hii huzaliwa chuoni na kisha kushuka kwa wananchi. Historia ya Nairobi inaonyesha mkondo tofauti: swali lilitoka maabara, likapata jibu katika vitalu vya miche vya wanawake wa vijijini, likapimwa katika mgogoro wa Msitu wa Karura, ndipo likarudi chuoni likiwa taaluma rasmi. Katika safari hiyo ya kurudi, chuo kilipokea maarifa lakini hakikupokea lugha za watu walioyakuza, Kiswahili kikiwemo. Makala inahitimisha kwamba pengo hilo ni kasoro ya elimu yenyewe, na kwamba lina athari katika utekelezaji wa sheria ya mazingira.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2003 serikali ya Kenya ilitoa kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999. Kanuni hizo zinamtaka mwenye mradi kutafuta maoni ya watu watakaoguswa na mradi wake: kubandika matangazo mahali pa wazi, kuchapisha tangazo katika gazeti, kutangaza redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha za wenyeji, na kufanya angalau mikutano mitatu ya hadhara. Kwa hiyo, mtaalamu anayefanya tathmini hana budi kusimama mbele ya wakulima, wavuvi au wafanyabiashara wa sokoni na kuwaeleza mambo yatakayoupata mto wao, hewa yao na ardhi yao.

Mtaalamu huyo ni zao la chuo kikuu. Amefundishwa kwa Kiingereza, ametahiniwa kwa Kiingereza, na ripoti yake ameiandika kwa Kiingereza. Katika baraza la kijiji anatakiwa kusema kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine ya wenyeji maneno ambayo hakuwahi kuyatamka darasani. Asipoweza, mkutano utafanyika, mahudhurio yatasainiwa, sharti la sheria litaonekana limetimizwa, na wananchi watarudi makwao bila kujua walichoulizwa.

Hali hii ina historia. Sehemu zinazofuata zinaifuata historia hiyo katika hatua tatu, yaani maabara, kitalu na msitu, kabla ya kuangalia jinsi chuo kilivyoipokea na jambo kilichoacha nje.

2.0 Maabara: Elimu iliyogawanywa

Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata hadhi yake kamili mwaka 1970, baada ya kuvunjwa kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichokuwa kimeunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Katika mgawanyo wa kazi wa miaka hiyo, Makerere ilibaki na tiba na kilimo, Dar es Salaam ikapewa sheria, na Nairobi ikapewa uhandisi na tiba ya mifugo. Ulikuwa mgawanyo wenye busara ya kiuchumi, kwani nchi tatu changa zisingeweza kugharimia kila kitivo mara tatu. Hata hivyo, ulienda sambamba na mgawanyo mwingine, ule wa maarifa yenyewe. Udongo ulikuwa wa mtu wa kilimo, mto wa mtu wa jiografia, na ng'ombe wa daktari wa mifugo. Uhusiano kati ya udongo, mto na ng'ombe haukuwa na idara yake.

Kisa cha Wangari Maathai kinaonyesha jambo hilo waziwazi. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, akasoma sayansi Marekani, na mwaka 1971 akatunukiwa shahada ya uzamivu katika anatomia ya mifugo, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia ngazi hiyo. Katika miaka ya 1970 alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akitafiti maisha ya kupe wanaoeneza ndigana kali. Utafiti huo ulimpeleka mashambani kukusanya kupe, na huko macho yake yakavutwa na mambo ambayo hayakuwa katika mpango wa utafiti. Mito ilikuwa imejaa udongo. Ng'ombe walikuwa wamekonda. Mahali alipopakumbuka kuwa na miti ya asili palikuwa na mashamba ya chai na miti ya kigeni ya biashara. Ilimdhihirikia kwamba tishio kwa ufugaji halikuwa kupe peke yake. Ardhi yenyewe ilikuwa inadhoofika.

Lakini kuona huko hakukutokana na darasa tu. Alipokuwa mtoto, mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mti wa mugumo, ambao ni jamii ya mkuyu, kwa kuwa Wakikuyu waliuhesabu kuwa mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na chemchemi. Miaka mingi baadaye alikuta mti umekatwa na chemchemi imekauka. Elimu ya chuo ilimpa namna ya kueleza jinsi mizizi mirefu ya mugumo inavyofungua njia ya maji chini ya ardhi. Agizo la mama lilikuwa limeilinda chemchemi hiyo kabla ya maelezo hayo kuwapo. Hapa ndipo panapopatikana kiini cha historia hii: maarifa ya chuo na maarifa ya kijiji yalihusu maji yaleyale, ila yalisemwa kwa lugha mbili zisizokutana.

3.0 Kitalu: Chuo nje ya chuo

Muongo huohuo dunia ilikuwa inatafuta sera ya elimu ya mazingira. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mazingira ya Binadamu ulifanyika Stockholm mwezi Juni 1972, na kabla ya mwaka huo kwisha ikaamuliwa kwamba makao ya shirika jipya la mazingira, UNEP, yawe Nairobi. Mwaka 1975 wataalamu walikutana Belgrade, na mwezi Oktoba 1977 wawakilishi wa serikali wakakutana Tbilisi. Azimio la Tbilisi lilieleza kwamba elimu ya mazingira isiishie katika ujuzi, bali ijenge pia mwamko, mwelekeo, stadi na ushiriki wa watu katika kutatua matatizo yao.

Miezi minne kabla ya Tbilisi, tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya waliandamana hadi Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba kwa heshima ya mashujaa wa jamii mbalimbali za Kenya. Huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement. Wanawake wa vijijini walikuwa wamelalamika katika baraza lao kwamba kuni zimekuwa haba, maji yako mbali na chakula cha watoto hakina lishe. Jibu walilopewa lilikuwa mti. Mti huleta kuni, hushika udongo na hulinda chemchemi.

Jambo la kuzingatiwa kwa mwanahistoria wa elimu ni namna kazi ilivyofanyika. Mwanzoni maofisa wa misitu waliitwa kuwafundisha wanawake, na mafunzo yao yalijaa istilahi na masharti ambayo hayakuwafaa watu waliokuwa wakipanda mahindi na maharage tangu utotoni. Maofisa walitilia shaka kwamba mtu asiye na stashahada anaweza kuotesha miti. Wanawake wakaachana na masharti hayo. Waliokota mbegu za miti ya mahali pao, wakaziatika katika vyungu vilivyovunjika na makopo yaliyotoboka, wakayainua mahali ambapo kuku hawawezi kufika, na wakachunguza wenyewe ni mbegu ipi inaota na kwa muda gani. Kikundi kilicholipwa kililipwa senti chache kwa kila mche, na malipo hayo yalitolewa kwa mche uliothibitika kuwa hai baada ya kupandwa. Sharti hili dogo lilikuwa somo kubwa: kilichohesabiwa ni uhai wa mti, si sherehe ya kuupanda.

Baadaye vuguvugu liliongeza semina za uraia na mazingira. Semina ilianza kwa kuwaomba washiriki wataje matatizo yao, si kwa mhadhara. Orodha ilikuwa ndefu, na lawama nyingi zilielekezwa kwa serikali. Kisha waliulizwa matatizo hayo yanatoka wapi, na wao wenyewe wanachangia nini. Mtu aliyelima mteremko bila matuta au aliyekata mti bila kupanda mwingine alijikuta ndani ya orodha yake mwenyewe. Mazungumzo hayo yalifanyika kwa lugha za watu. Ukilinganisha semina hizo na Azimio la Tbilisi, utaona kwamba ushiriki uliosisitizwa na wajumbe wa serikali mwaka 1977 ulitekelezwa kwanza katika vitalu, wala si katika kumbi za mihadhara.

Chuo chenyewe kiliachana na mwalimu huyo. Mwaka 1982 Maathai alijiuzulu ili agombee ubunge. Jina lake lilienguliwa kwa hoja ya uandikishaji wa wapiga kura, na alipoomba kurudi kazini aliambiwa kwamba nafasi yake imekwisha kujazwa. Hivyo, kwa miaka mingi iliyofuata, mtu aliyekuwa akiendesha elimu ya mazingira iliyovuta macho ya dunia hakuwa na darasa hata moja la chuo kikuu nchini mwake.

Haimaanishi kwamba vyuo vililala. Mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa karibu na Eldoret, na wanafunzi wake wa kwanza 83 walikuwa wa misitu, waliohamishwa kutoka Nairobi. Baadaye chuo hicho kikaanzisha shule ya mafunzo ya mazingira. Makerere nayo ilianzisha Taasisi ya Mazingira na Maliasili mwaka 1987. Taaluma ilikuwa inakua. Lakini ilikua katika upande wake, na kitalu katika upande wake.

4.0 Msitu: Wanafunzi wanapoingia

Msitu wa Karura, ulio kaskazini mwa Nairobi na wenye ukubwa wa hekta zipatazo 1,000, ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Umepakana na Gigiri, yaliko makao ya UNEP. Katika miaka ya 1990 sehemu za msitu huo ziligawiwa wajenzi binafsi, wakati ugawaji wa ardhi ya umma ulipokuwa mojawapo ya njia za kulipa fadhila za kisiasa. Mwaka 1998 habari hizo zilijulikana hadharani, na Green Belt Movement ikaanza kwenda Karura kupanda miche mahali miti ilipokatwa. Tarehe 8 Januari 1999 Maathai na wenzake walishambuliwa na kundi la walinzi wenye silaha za jadi mbele ya lango la msitu. Alijeruhiwa kichwani. Picha za tukio hilo zilienea duniani.

Hapo ndipo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walipoingia katika mgogoro huo. Mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari 1999 waliandamana kuelekea Karura na mitaani, wakakabiliana na polisi kwa siku kadhaa. Palikuwa na mawe na palikuwa na gesi ya machozi, na masomo yakakatizwa. Mwezi Agosti mwaka huohuo Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu ulibaki.

Inafaa kuwa na tahadhari katika kulitafsiri tukio hili. Migomo ya wanafunzi wa Kenya ilikuwa na sababu nyingi katika muongo ule: ada, mikopo, demokrasia, na uhasama wa muda mrefu na polisi. Haiwezekani kudai kwamba kila kijana aliyerusha jiwe alikuwa amesoma ikolojia. Tena ghasia si mtaala. Hata hivyo, lipo jambo lisilokanushika. Wanafunzi waliokuwa wakifundishwa kwamba msitu ni somo la idara fulani walitambua kwamba msitu ni suala la haki: nani anamiliki ardhi ya umma, nani anaruhusiwa kuigawa, na nani atakosa maji na hewa ikishagawiwa. Mafundisho hayo hayakutoka katika mhadhara. Yalitoka kwa wanawake waliobeba miche na makopo ya maji hadi kwenye lango lililofungwa.

5.0 Kurudi chuoni

Baada ya Karura mambo yalibadilika kwa haraka. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilipitishwa mwaka huohuo wa 1999, ikaunda mamlaka ya kitaifa ya mazingira na kuifanya tathmini ya athari kuwa sharti la miradi mikubwa. Ghafla wahitimu wa mazingira walikuwa na soko la kazi. Mwaka 2004 Maathai alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, na ikaandikwa kwamba vuguvugu lake lilikuwa limepanda miti ipatayo milioni 30. Katika kipindi hichohicho UNEP ilianzisha mpango wa kuingiza mazingira na uendelevu katika vyuo vikuu vya Afrika, na Umoja wa Mataifa ukatangaza miaka ya 2005 hadi 2014 kuwa Muongo wa Elimu kwa Maendeleo Endelevu. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa kushirikiana na Green Belt Movement, kilianzisha Taasisi ya Wangari Maathai ya Amani na Mafunzo ya Mazingira. Mwalimu aliyekosa nafasi yake mwaka 1982 alikuwa amerudi, na safari hii jina lake liliandikwa juu ya mlango.

Mwaka huohuo wa 2010 Kenya ilipata katiba mpya. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama kwa afya. Ibara ya 69 inalitaka taifa lifanye kazi ya kufikia na kudumisha miti katika asilimia 10 ya ardhi yake, na kuhimiza ushiriki wa umma katika kuyalinda mazingira. Ibara ya 7 inatamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Ibara hizi husomwa na watu tofauti: za mazingira na wanasayansi, na ile ya lugha na walimu wa Kiswahili. Mwanahistoria anapaswa kuzisoma pamoja, kwa sababu ushiriki wa umma hauwezekani pasipo lugha ya umma.

6.0 Lugha iliyobaki nje

Huenda ikadaiwa kwamba Kiswahili hakikuwa tayari kubeba elimu hii. Historia ya nchi jirani ya Tanzania inaonyesha vinginevyo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa na chimbuko lake katika elimu ya nje ya chuo kikuu, iliendesha kampeni za redio kwa Kiswahili zilizounganisha kipindi cha redio, kitabu kidogo cha mafunzo na kikundi cha wasikilizaji chenye kiongozi aliyefunzwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni mbili, ambao hawakuishia kusikiliza tu bali walichimba vyoo na kufukia madimbwi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikafuata Misitu ni Mali, iliyohusu misitu na utunzaji wake. Mambo ya vijidudu, mmomonyoko wa udongo na upandaji wa miti yalielezwa kwa Kiswahili fasaha na yakaeleweka. Kwa upande wa istilahi, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990.

Hata Tanzania, hata hivyo, haikuvuka mpaka wa mwisho. Mkulima alielezwa habari za misitu kwa Kiswahili, ilhali mwanafunzi wa chuo kikuu aliendelea kuzisoma kwa Kiingereza. Kwa hiyo pengo la Nairobi ni pengo la kanda nzima. Lugha imehesabiwa kuwa chombo cha kuwashushia wananchi maarifa yaliyokamilika, wala haijahesabiwa kuwa mahali ambapo maarifa hupatikana. Lakini wanawake wa vitalu walijua mbegu ipi huota mapema, mti upi hukausha kisima na upi hukijaza, na walijua hayo kwa maneno yao. Mwanafunzi asiyeyajua maneno hayo hawezi kuuliza, na asipouliza hataambiwa.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inaelekeza kwenye mambo mawili. Kwanza, elimu ya mazingira kwa wanafunzi wa chuo kikuu jijini Nairobi ilipata nguvu kila ilipotoka nje ya ukumbi: iliposhuka mashambani kuhesabu kupe, ilipokaa katika vitalu na ilipofika katika lango la Karura. Ziara ya siku moja ya mafunzo, yenye picha na mche mmoja unaoachwa ukauke, haiwezi kuwa mrithi wa historia hiyo. Kipimo cha wanawake wa vitalu kingali halali: ni mche upi ulio hai?

Pili, kurudi kwa elimu hiyo chuoni hakujakamilika maadamu lugha imebaki nje. Hatua zinazohitajika si za gharama kubwa. Mwanafunzi anayefanya utafiti wa mto, msitu au jalala anaweza kutakiwa kuwasilisha matokeo yake kwa Kiswahili mbele ya wakazi wa mahali hapo na kuyajibu maswali yao, na uwasilishaji huo ukahesabiwa katika alama zake. Istilahi za tathmini ya mazingira zinaweza kufundishwa kwa lugha mbili tangu mwaka wa kwanza. Idara za Kiswahili na za mazingira, ambazo mara nyingi hutenganishwa na uwanja tu, zinaweza kusimamia kazi hizo kwa pamoja.

Sheria tayari inamtaka mtaalamu azungumze na watu katika mikutano mitatu ya hadhara. Chemchemi ya Ihithe ilikauka baada ya mugumo kukatwa, ingawa mtu aliyeijua sababu yake alikuwapo kijijini na mwingine angeweza kuieleza chuoni. Kazi ya chuo kikuu ni kuhakikisha kwamba, mradi ujao utakapofika, wawili hao watakuwa wamekwisha kusikilizana.